Viti Vinne, Nyuzi Ishirini na Nne

Hotuba iliyotolewa jijini Dodoma mbele ya walimu wa kwaya, wazazi na wanafunzi wa gitaa

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu wa kwaya, wazazi mliotoka Kikuyu, Makole, Nkuhungu na hata Hombolo, na ninyi wanafunzi mliojibanza viti vya nyuma kana kwamba huku mbele kuna mtihani: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimepewa nafasi ya kuzungumzia kundi moja la magitaa lililodumu, na nimechagua kundi la ukoo wa Romero, Wahispania waliohamia Marekani, ambao walianza kupiga pamoja magitaa manne mwaka 1960 na kufikisha miaka 60 mwaka 2020 bila jina lao kubadilika. Nitagusia pia kundi la pili, Los Angeles Guitar Quartet, kwa kuwa lilizaliwa mikononi mwa mmoja wa hao Waromero na likafuata njia tofauti kabisa. Sikuwachagua kwa sababu nadhani muziki wao ni bora kuliko wetu. Nimewachagua kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuanzisha kundi la magitaa manne hapa mjini, likafa kabla ya kutimiza miaka mitatu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiwatazama waliodumu kwa jicho la mtu aliyefilisika anayepita mbele ya duka la mwenzake.

Mzee aliyeanzisha kundi hilo aliitwa Celedonio Romero. Alizaliwa mwaka 1913 huko Cienfuegos, nchini Cuba, akakulia Málaga, kusini mwa Hispania, na huko ndiko alikooa na kupata watoto watatu wa kiume: Celin aliyezaliwa mwaka 1936, Pepe wa mwaka 1944 na Angel wa mwaka 1946. Ukiitazama miaka hiyo utaona kwamba kifungua mimba alizaliwa mwaka ule ule vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipolipuka Hispania, na wadogo zake walikulia katika umaskini uliofuata. Mwalimu wao wa gitaa alikuwa baba yao. Mama yao, Angelita, alikuwa msanii pia na alipiga kastaneti, yale makombe mawili ya mti yanayogonganishwa kiganjani. Mwaka 1957 familia ilihama Hispania ikaenda kuishi California, na miaka mitatu baadaye baba akakaa kwenye kiti kimoja na wanawe watatu kwenye viti vilivyobaki. Baba alikuwa na umri wa miaka 47, na mtoto wa mwisho alikuwa hajafikisha hata 15.

Naomba tusimame hapo kidogo, maana walimu wa kwaya mtaelewa ugumu wake kuliko mtu mwingine yeyote. Kwaya yenye sauti nne imegawiwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe: sauti ya kwanza na ya pili ni za akina mama, ya tatu na besi ni za akina baba, na hata msikilizaji asiyejua nota anazitofautisha kwa rangi. Magitaa manne ya kiklasiki hayana bahati hiyo. Yote yana nyuzi 6 zilizokazwa kwa namna ile ile, yana kimo kile kile, na mlio wa moja ukichanganyika na wa jingine hujui nani amesema nini. Kwa hiyo tofauti lazima itengenezwe kwa vidole. Yule anayebeba wimbo atauchuna uzi karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye ubao wa gitaa, ili sauti itoke kali, na anayemsindikiza atachunia juu ya tundu ili sauti itoke laini na nene. Mmoja atatumia kucha zaidi, mwingine nyama ya kidole. Wapiga dansi wetu walitatua tatizo hilo mapema kwa kugawana kazi, huyu solo, huyu rizimu, huyu besi, na kila mmoja akawa na umeme wake na mlio wake. Hawa wa gitaa kavu hawana umeme wa kujifichia.

Kuna jambo jingine ambalo ni gumu zaidi. Mwimbaji akichelewa kuingia anaweza kuivuta sauti polepole mpaka ikae mahali pake, na mpiga zeze anaweza kuusahihisha upinde ukiwa bado uko juu ya uzi. Sauti ya gitaa huzaliwa mara moja na kuanza kufa papo hapo. Ukishachuna, umeshachuna. Wapigaji wanne wakipishana kwa kiasi kidogo sana, watu hawasikii muziki bali wanasikia kitu kama mfuko wa mahindi uliopasukia sakafuni. Na hawana mwongozaji wa kuwapungia mkono. Wanachokitumia ni pumzi: mmoja anavuta hewa puani, anainua bega kidogo, na wenzake watatu wanaanguka naye. Ndiyo maana wanakaa kwa duara lililokatika, kila mmoja akiuona mkono wa kulia wa mwenzake.

Watu wengi, wakisikia kwamba kundi hili lilikuwa la baba na wanawe, husema: basi, hiyo ndiyo siri, damu ni nzito kuliko maji. Mimi sikubaliani nao, au tuseme nakubaliana nao nusu. Undugu unasaidia kupumua pamoja, hilo halina ubishi. Lakini sote tunafahamu familia ngapi hapa Dodoma zilizogawana duka, zikagawana shamba la zabibu, na mwishoni hazikuweza kugawana hata salamu. Undugu peke yake haujawahi kulisha kundi kwa miaka 60. Kilicholisha kundi hili, kwa maoni yangu, ni kwamba mapema kabisa walitafuta muziki ambao usingeweza kupigwa bila viti vyote vinne.

Walipoanza, muziki ulioandikwa rasmi kwa ajili ya magitaa manne ulikuwa haba mno. Walifanya kama tunavyofanya sisi tunapokosa nyimbo za kwaya: walichukua kazi za wengine wakazigawanya upya. Konseto ya mtunzi Vivaldi, yaani tungo ya ala chache zinazosindikizwa na okestra, iliyoandikwa kwa fidla nne, ikageuzwa ya magitaa manne; muziki wa Bizet kutoka katika opera ya Carmen nao ukapita kwenye mikono hiyo hiyo. Lakini kundi linaloishi kwa nguo za kuazima siku moja litadaiwa. Celedonio akamwendea mtunzi Joaquín Rodrigo.

Rodrigo nataka nimweleze kidogo, kwa sababu kuna mzazi mmoja kati yenu aliniuliza mlangoni kama mtoto wake asiyeona anaweza kujifunza muziki wa kuandika. Joaquín Rodrigo alizaliwa mwaka 1901 na akapoteza uwezo wa kuona akiwa na miaka mitatu, baada ya kuugua dondakoo. Alitunga kwa kutumia nota za nukta nundu, kisha akamsomea mwandishi aliyezihamishia kwenye nota za kawaida, nota baada ya nota, ala baada ya ala. Kazi ya kuchosha hiyo. Kwa njia hiyo aliandika Concierto de Aranjuez, iliyopigwa mara ya kwanza Barcelona mwaka 1940, na ambayo hata asiyejua jina lake huenda amewahi kuisikia redioni. Na la ajabu zaidi, mtu aliyeupa ulimwengu konseto maarufu kuliko zote za gitaa hakuwa mpiga gitaa; alikuwa mpiga piano. Mama, jibu la swali lako ni ndiyo.

Basi Rodrigo akawaandikia Waromero Concierto Andaluz, konseto ya magitaa manne na okestra, na ilipigwa mara ya kwanza mwezi Novemba mwaka 1967 mjini San Antonio, jimbo la Texas. Ina sehemu tatu. Ya kwanza inakwenda kwa mwendo wa bolero, ya kati ni ya taratibu, na ya mwisho inachangamka. Sehemu ya katikati ndiyo ninayoipenda mimi, kwa sababu hapo okestra nzima inanyamazishwa kwa adabu ili vyombo vinne vyenye sauti ndogo viweze kuzungumza. Inanikumbusha kikao cha ukoo ambapo vijana wananyamaza mzee anapoanza kukohoa. Rodrigo alijua kwamba gitaa haliwezi kushindana na tarumbeta kwa nguvu, kwa hiyo hakulishindanisha.

Mwaka 1970, Pepe na Angel walizindua konseto nyingine ya Rodrigo, Concierto Madrigal ya magitaa mawili, katika uwanja wa Hollywood Bowl. Mtunzi mwingine wa Kihispania, Federico Moreno Torroba, naye akawaandikia konseto ya magitaa manne, Concierto Ibérico, katika miaka hiyo ya 1970. Celedonio mwenyewe aliacha tungo zaidi ya 100 za gitaa. Mnaona kinachotokea? Kundi sasa lina mali isiyoweza kugawanywa. Mwanamuziki wa dansi akihama bendi anaondoka na mtindo wake kichwani, na bendi mpya inaneemeka. Lakini ukitoka kwenye kundi la Waromero, Concierto Andaluz haiwezi kwenda nawe. Inabaki pale ikisubiri mtu wa nne.

Na mtu wa nne alitoka. Mwaka 1990, baada ya miaka 30 ya kupiga na baba yake na kaka zake, Angel aliondoka ili afuate kazi yake binafsi ya kupiga peke yake na kuongoza okestra. Ninaposoma habari za makundi, hapa ndipo ninapoinama kusoma kwa makini, maana hapa ndipo mengi hufia. Kiti chake kilichukuliwa na Celino, mtoto wa Celin. Mwaka 1996 mzee Celedonio akafariki dunia, na kiti chake kikachukuliwa na Lito, mtoto wa yule yule Angel aliyekuwa ameondoka. Kwa hiyo jukwaani wakabaki ndugu wawili na vijana wawili, na kwa hesabu zetu za kiukoo Pepe alikuwa amekaa kati ya Celino anayemwita baba mdogo na Lito anayemwita baba mkubwa. Lugha ya Kiingereza ina neno moja tu kwa baba wote hao wawili. Nadhani ndiyo sababu waandishi wao hawajaona utamu wa jambo hili.

Tazameni kwamba wale vijana hawakutafutwa baada ya kiti kuwa wazi. Walikulia nyumba ambamo tungo zile zilipigwa kila siku. Mwaka 2000 mfalme Juan Carlos wa Hispania aliwatunukia Celin, Pepe na Angel nishani ya Isabel la Católica, na ninaona ilikuwa haki kwamba Angel naye alihesabiwa, ingawa alikuwa na miaka kumi nje ya kundi.

Sasa wengine mtasema: sawa, lakini sisi hatuna ukoo wa kupiga gitaa, tutafanyaje? Hapo ndipo ninapolileta lile kundi la pili. Pepe Romero alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Southern California, na mwaka 1980 wanafunzi wanne wa chuo hicho, chini ya ulezi wake, waliunda Los Angeles Guitar Quartet. Hawakuwa ndugu. Walikuwa Anisa Angarola, John Dearman, William Kanengiser na Scott Tennant. Mabinti mlioko nyuma, muwe mmesikia kwamba mmoja wa waanzilishi alikuwa mwanamke, kwa hiyo yule anayewaambia kucha ndefu na gitaa ni mambo ya wavulana mwambieni akaulize kwanza. Angarola alipotoka mwaka 1990 akaingia Andrew York, na York alipotoka mwaka 2006 akaingia Matthew Greif. Mwaka 2005 walipata tuzo ya Grammy kwa albamu yao iitwayo Guitar Heroes.

Hawa walitatua kwa njia nyingine tatizo la magitaa manne yanayofanana. Dearman hupiga gitaa lenye nyuzi 7, hivyo akishuka chini anapata besi ambayo wenzake hawana, na jukwaa zima linakuwa na nyuzi 25 badala ya 24. Kisha wakaanza kulilazimisha gitaa liige ala za mbali. Kuna tungo ya Kanengiser iitwayo Gongan ambamo vitu vidogo hubanwa kwenye nyuzi ili zitoe mlio wa kengele na sahani za shaba zinazogongwa za kisiwa cha Java, Indonesia. Niliposikia tungo hiyo mara ya kwanza sikuwaza Java hata kidogo. Niliwaza ilimba ya Wagogo, ile marimba yetu ya vidole ambayo fundi huitia kwa makusudi vitu vya kutetema ili sauti isitoke kavu. Mzee wetu Hukwe Zawose, Mgogo wa hapa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, aliizungusha ilimba na zeze dunia nzima na hakuna mahali alipoambiwa autoe ule mtetemo.

Na kwa kuwa nimemtaja, niseme kwamba ukoo wa Zawose ni jibu letu kwa ukoo wa Romero, na inanisikitisha kwamba wanafunzi wangu wanaujua wa California kabla ya ule wa kwao. Hukwe alipiga na mpwa wake Charles, na baada yao watoto na wajukuu wameendelea. Mwaka 2024 wanawake wa ukoo huo, Pendo na Leah, walitoa albamu wakijiita Zawose Queens. Wale waliokwenda Chamwino kwenye tamasha la muziki wa Cigogo wameona pia jinsi mtoto wa miaka sita anavyosimama pembeni ya muheme, ngoma ya Wagogo, akipiga mapigo yake juu ya magoti, bila kuambiwa na mtu, kwa sababu anajua zamu yake ipo njiani.

Kundi langu mimi halikuwa na mtu pembeni. Tulikuwa walimu watatu na karani mmoja, tulifanya mazoezi kila Alhamisi jioni, tukafika mahali pazuri, kisha mpiga gitaa la tatu akapata uhamisho kwenda Mwanza. Tulimwandalia pilau, tukampa mkono wa kwaheri, na Alhamisi iliyofuata tukakaa watatu tukitazamana. Hakuna aliyekuwa anaijua sehemu yake. Nota zake alikuwa ameondoka nazo, tena kwa nia njema, ili asisahau. Tulijaribu kupiga tukiruka sehemu ya tatu, kama mtu anayetafuna kwa upande mmoja, na baada ya mwezi kila mtu akaanza kuwa na udhuru.

Na uhamisho haukuwa adui yetu wa pekee, kulikuwa na hewa ya Dodoma. Gitaa la kiklasiki ni bao jembamba mno, na mafundi hupendekeza likae kwenye hewa yenye unyevu wa karibu asilimia 45 hadi 55. Hapa kwetu kuanzia Juni hadi Oktoba mvua haipo na upepo unakausha kila kitu hadi midomo. Mbao zinasinyaa, shingo inapinda, vichuma vya shingoni vinachomoza pembeni na kukukwaruza kiganja. Gitaa langu lilipasuka usiku mmoja wa mwezi Agosti. Nililala nikaamshwa na mlio kama wa kibiriti, na asubuhi nikakuta ufa kutoka darajani hadi chini. Tangu hapo nimejifunza kuchukua kisanduku cha sabuni, kukitoboa matundu, kutia sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa vizuri, na kukiweka ndani ya sanduku la gitaa. Wazazi mnaonunulia watoto magitaa, kazi hiyo haihitaji fedha, na msiyaegemeze ukutani panapopigwa jua la mchana. Na mtoto akisema nyuzi zake hazikai, msimgombeze kwanza. Nyuzi za nailoni mpya huvutika kwa siku kadhaa kabla ya kutulia.

Nailoni yenyewe si ya zamani kama mnavyodhani. Kabla ya miaka ya 1940 nyuzi zilitengenezwa kwa utumbo wa wanyama, zikikatika ovyo na kubadilika kwa kila hali ya hewa, na ni fundi Albert Augustine wa New York, akishirikiana na mpiga gitaa Andrés Segovia, aliyefanikisha nyuzi za nailoni. Kama kundi la Waromero lingeanza miaka 20 mapema, nusu ya onesho ingekwisha wakikaza nyuzi. Na mbao za magitaa nazo zinatuhusu: mpingo wetu, tunaoujua kwa vinyago, huuzwa nje kutengenezea klarineti, na wapo mafundi wanaoutumia kwa migongo na mbavu za magitaa. Mti unaondoka kusini mwa Tanzania ukiwa gogo na unaweza kurudi Dodoma ukiwa ndani ya sanduku lenye velveti, kwa bei ambayo sitaitaja mbele ya wazazi.

Nimeongea kupita muda niliopewa, mwenyekiti ameshaitazama saa yake mara mbili. Vijana wanne mnaowaona wanaingia watapiga wimbo wa kwaya mnaoujua, niliougawa upya kwa magitaa, kisha sehemu fupi kwa mwendo wa muheme. Nyuma yao ataketi binti wa tano asiye na gitaa, ameshika nota. Kila mwezi anahamia sehemu nyingine, na mpaka sasa anazijua tatu kati ya nne. Leo anafuatilia ya nne. Msimwonee huruma kwamba hapigi.

Kabla hawajaanza, naomba wenye simu wazizime kabisa, maana gitaa la nyuzi za nailoni haliwezi kushindana na simu ya mtu aliyeko safu ya pili.